Mauser ya Vita Ikienda Kuwinda Rungwa

Nyati aliyejeruhiwa hampi mtu nafasi ya kuhangaika na bolti. Katika Pori la Akiba la Rungwa, mkoani Singida, nyasi ni ndefu na miombo imefungamana. Mnyama akitokea, hutokea karibu, na risasi ya pili inatakiwa iwe imeshaingia chemba. Ndiyo maana mwindaji bingwa akikabidhiwa bunduki ngeni, huikoki mara kadhaa ikiwa tupu, akisikiliza inakwama wapi.

Bunduki nyingi za bolti zinazobebwa kwenye vitalu vya uwindaji, hata zilizotengenezwa juzi, zina ukoo na Mauser ya 1898. Paul Mauser wa Oberndorf, Ujerumani, aliipa kucha ndefu ya chuma inayoidaka risasi inapotoka magazini na kuishikilia hadi ndani ya chemba. Cha ajabu ni kwamba vita vilipoanza Afrika Mashariki mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Mjerumani bado zilikuwa na Mauser ya 1871, ambayo moshi wa baruti yake ulimwonyesha adui pa kulenga.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Mauser 98 za jeshi zilizagaa duniani kwa bei chee. Mafundi wakazivua mitutu na vitako, wakazifanya za kuwindia. Tatizo, zile za mwishoni mwa vita zilitoka kiwandani kwa haraka, na mikwaruzo ya mashine bado inaonekana kwenye chuma.

Mikwaruzo hiyo ndiyo anayoshughulika nayo fundi. Huweka kando burashi za waya, zisizo na kazi hapo, akachukua jiwe laini la kunolea lenye mafuta, akasugua taratibu njia mbili inamopita bolti na mgongo wa ile kucha. Anang'arisha tu, hakati. Chuma cha Mauser ni kigumu kwa juu na laini kwa ndani. Anayekazana na tupa huitoboa ngozi hiyo ngumu, na baada ya muda mfupi bolti huanza kujichimbia. Sehemu zinazofunga bolti nyuma ya risasi hazipaswi kuguswa kabisa, maana zikipungua, ganda linaweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji.

Kifyatulio nacho kina hadithi yake. Cha jeshi huvutwa kwa hatua mbili: kwanza kinalegea bila kufyatua, kisha kinagoma, halafu ndipo kinafyatua. Wengi hukiona kizembe na kutaka kiwe chepesi kama cha bunduki ya mashindano. Ni kukionea. Ule mlegeo wa kwanza uliwekwa makusudi, ili jino linaloshikilia pini libaki limeingia vya kutosha hata askari akianguka au bunduki ikijaa matope. Fundi makini hulainisha nyuso zinazogusana, lakini pembe zake huziacha kama zilivyo. Akimaliza, huikoki ikiwa tupu, huipigiza kitako chini, kisha huvuta kifyatulio ikiwa imefungwa usalama na kuufungua. Pini ikiruka yenyewe, kazi imeharibika, kifyatulio kinabadilishwa.

Kazi hii si ya chini ya mwembe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inadai leseni kwa anayemiliki silaha na kwa anayeitengeneza.

Na kwa nyati, ulaini peke yake hausaidii. Risasi ya jeshi ya milimita 7.92 ni ndogo mno. Tanzania hudai isipungue inchi .375. Risasi maarufu ya kipimo hicho, ya Holland & Holland ya mwaka 1912, ni ndefu kuliko magazini ya kijeshi, kwa hiyo baadhi ya mafundi hukata chuma mbele ya magazini, palepale panapoegemewa na bolti. Mwenye akili hutafuta bunduki iliyozaliwa ndefu, kama Brno ZKK 602 ya Chekoslovakia, na Mauser yake ya vita akaiacha kwa swala.