Gari la dizeli linakata moto njiani? Pima kwanza pampu ya kuvuta dizeli, ndipo ubadilishe

Najua kuna atakayeuliza: bwana shamba na magari wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Mpunga ukishavunwa Mwamkulu au Kakese, au nyanya zikishachumwa hapa Magamba, kinachobaki kati yako na pesa ni gari. Gari likikata moto njiani na tenga 40 za nyanya mgongoni, kazi yote uliyofanya tangu kitalu inaanza kuoza juani. Hiyo ni hasara ya shamba kama ile ya kantangaze.

Leo tuongelee kifaa kidogo chenye ukubwa wa ngumi ambacho kinasimamisha pikapu nyingi za dizeli za zamani: pampu ya kuvuta dizeli. Mafundi wengine wanaiita fidi pampu, wengine lifti pampu. Kuibadilisha siyo kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuwa na uhakika kwamba kweli ndiyo iliyokufa.

Kwanza, gari lako linayo?

Hapa ndipo vijana wengi wanaliwa hela. Siyo kila pikapu ya dizeli ina pampu hii. Land Rover Defender 110 zenye injini ya 200Tdi na 300Tdi zinayo, imefungwa ubavuni mwa injini. Trekta kama Massey Ferguson 240 nayo inayo, na inafanya kazi kwa namna ileile. Kwa hiyo ukijua ya gari, umejua na ya trekta.

Lakini Toyota Hilux za injini ya 3L na 5L, na Land Cruiser ya 1HZ, hazina pampu hiyo pembeni. Kwenye hizo, nozo pampu yenyewe ndiyo inayovuta dizeli kutoka kwenye tenki, na juu ya filta kuna kitufe cha kupampu kwa mkono. Mtu akikwambia Hilux yako ya 3L imekufa fidi pampu ununue nyingine, muombe akuonyeshe ilipo kabla hujatoa pesa.

Inafanyaje kazi

Tenki liko chini, injini iko juu. Dizeli haipandi yenyewe, lazima ivutwe. Ndani ya pampu kuna ngozi ya mpira inaitwa dayaframu. Kamshafti ya injini ikizunguka inasukuma mkono mdogo wa chuma, mkono unavuta ngozi, na dizeli inaingia. Mkono ukiachia, springi inarudisha ngozi, na dizeli inasukumwa kwenda kwenye filta, kisha kwenye nozo pampu. Vali mbili ndogo zinahakikisha dizeli inakwenda mbele tu, hairudi nyuma.

Kwa hiyo pampu inakufa kwa njia chache tu: ngozi kuchanika, vali kukwama kwa uchafu, springi kuchoka, au mkono kulika.

Dalili zake ni hizi. Asubuhi unapiga starta muda mrefu. Gari tupu linakwenda vizuri, ukipakia mzigo likifika kwenye kilima linaishiwa nguvu kisha linazima. Ukilipumzisha linawaka tena, unatembea kidogo, linazima tena.

Tatizo ni kwamba filta iliyoziba, bomba linalovuta upepo, na hata mfuniko wa tenki vinaleta dalili hizohizo. Kuna kijana wa huku kwetu alibadilisha pampu mara mbili ndani ya msimu mmoja. Ya pili ilipofungwa na gari likazima tena, ndipo wakafuata bomba hadi chini ya bodi na kukuta mpira umepasuka karibu na tenki. Kipande cha mpira na klipu mbili vikamaliza kazi. Pampu ya kwanza pengine haikuwa na kosa lolote.

Pima kwa mpangilio huu

1. Oili ya injini. Anza hapa, injini ikiwa imepoa na gari likiwa sehemu tambarare. Chomoa dipstiki. Kama oili imepanda juu ya alama ya mwisho, ni nyepesi kama maji na inanuka dizeli, simama hapohapo. Usiwashe injini hata ya kujaribu. Ngozi ya pampu ikichanika, dizeli inaweza kumwagikia ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Oili iliyozimuliwa hivyo hailindi tena beringi za krenki. Pampu ni kitu cha bei ndogo, lakini ukiendelea kuendesha hivyo utakuja kununua injini.

2. Mfuniko wa tenki. Ulegeze halafu ujaribu gari. Kama linakaa sawa, basi tundu la kupumulia limeziba kwa vumbi, na pampu ilikuwa inashindana na tenki lisilopumua.

3. Kikombe cha maji na filta. Fungua tundu la chini, mwaga maji na matope. Kama hukumbuki filta ilibadilishwa lini, ibadilishe tu.

4. Nguvu ya pampu. Chomoa waya wa kuzimia injini ulioko kwenye nozo pampu ili gari lisiwake. Hakikisha ncha yake haigusi chuma. Fungua bomba linalotoka kwenye pampu kwenda kwenye filta, elekeza kwenye chupa, mwenzako apige starta kwa sekunde chache. Pampu nzima inarusha dizeli kwa mapigo ya nguvu yanayofuatana. Ikitiririka kivivu, ikitoa povu au isitoe kitu, nenda hatua ya 5.

5. Kutenganisha pampu na tenki. Fungua bomba linaloingia kwenye pampu, weka mpira mfupi safi uliotumbukizwa kwenye chupa ya dizeli safi. Rudia kupiga starta. Kama sasa inarusha vizuri, pampu ni nzima na ugonjwa uko nyuma: bomba, chujio la ndani ya tenki, au tenki lenyewe. Kama bado haivuti, sasa ndo una haki ya kwenda Mpanda mjini kununua pampu.

Dukani

Nenda na pampu ya zamani mkononi. Linganisha idadi ya matundu ya bolti, umbo na urefu wa mkono wa chuma, na upande wa kuingia na kutoka dizeli. Mkono ukitofautiana kidogo tu, pampu ama haitavuta ama itavunjika ndani ya injini. Nunua pia gasketi, washa mpya za shaba kama mabomba yako yanazitumia, klipu, na filta.

Kubadilisha

Paki sehemu tambarare, injini iwe imepoa, gia iwe huru, handibreki juu, matairi uyawekee mawe. Toa waya wa hasi wa betri. Osha eneo lote la pampu kwa brashi na dizeli, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye nozo pampu utajutia. Usivute sigara, na weka kitambaa chini.

Weka alama ya bomba la kuingia na la kutoka kabla hujalegeza chochote. Ukishayafungua, ziba ncha zake.

Legeza bolti za pampu kidogokidogo kwa zamu, siyo moja mpaka mwisho. Nyingine zina bolti mbili, nyingine nne. Springi itaisukuma pampu kidogo, hiyo ni kawaida. Itoe taratibu, kisha ziba tundu la injini kwa kitambaa safi kikubwa kisichoweza kudumbukia, na ukwangue gasketi ya zamani. Kipande hata kimoja kisidondokee ndani.

Paka oili kwenye mkono wa pampu mpya, weka gasketi, ondoa kile kitambaa, ingiza mkono kwa ulalo uleule wa pampu ya zamani mpaka ukae juu ya kamshafti. Pampu inapaswa kukaribia kabisa ukuta wa injini kwa kusukuma kwa mkono. Kama imebaki wazi sana, usilazimishe kwa kukaza bolti. Maana yake kamshafti imesimama ikiwa imeinua. Chukua spana, zungusha injini kwa nati ya puli ya krenki, kuelekea upande inakozungukia siku zote, mpaka pampu ilale vizuri. Kaza bolti kwa zamu. Bolti ya milimita 8 haitaki mabavu: kama una torki spana, 25 Nm zinatosha, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine.

Rudisha mabomba kwa kufuata alama. Kama oili ilikuwa na dizeli, mwaga yote, weka oili mpya na filta mpya ya oili kabla ya kuwasha.

Kutoa upepo

Legeza skurubu ya juu ya filta. Pampu kwa kile kimkono kidogo kilicho kwenye pampu mpya. Povu litatoka, endelea mpaka itoke dizeli tupu, kisha kaza wakati bado inatoka. Kama nozo pampu nayo ina skurubu ya upepo, rudia hapo.

Wengi wanakwama hapa: kimkono kinacheza kilegevu, hakisukumi kitu, mtu anasema "hii pampu ni mbovu, nimeuziwa feki." Kumbe kamshafti imeshika mkono wa ndani. Zungusha injini duru moja kamili kwa spana, jaribu tena. Utasikia uzito.

Rudisha waya wa kuzimia na wa betri, washa. Acha iunguruma dakika kumi, angalia kama kuna jasho la dizeli kwenye maungio. Siku tatu zinazofuata chungulia dipstiki kila asubuhi.

Njia za mkato

Njiani porini watu wanafunga dumu la dizeli juu ili ishuke yenyewe kwenye filta. Kama oili ni safi, inaweza kukufikisha kijiji cha jirani. Lakini dumu lifungwe imara, mbali na eksozi, na lisikae ndani ya boneti. Hiyo ni dharura, usiifanye utaratibu wa msimu mzima.

Wengine wanafunga pampu ya umeme. Inawezekana, ila iwe ya presha ndogo, siyo ile ya gari la petroli la kisasa. Iwe na fyuzi yake, izime swichi ikizimwa, na tundu la pampu ya zamani lifungwe kwa bati nene na gasketi.

Ili isijirudie

Dizeli ya kwenye madumu ichuje kwa kitambaa kizito kisichotoa nyuzi, na uiache itulie usiku kucha. Usimimine ile ya chini kabisa. Mwaga maji ya kikombe kila wiki wakati wa masika. Kabla ya mavuno, kagua mabomba yote ya mpira kutoka kwenye tenki mpaka kwenye injini. Ndani ya gari weka filta moja, mpira mita moja, klipu nne na spana za 10 hadi 17.

Nenda kachungulie dipstiki leo jioni injini ikishapoa, kabla hujapakia mzigo wa kesho. Dakika moja tu inatosha kukwambia kama injini yako iko salama. Kazi njema, tukutane shambani.