Kifuko cha Dawa Kifunguliwacho kwa Joto

Mafuta ya nazi yakiwekwa katika chupa, asubuhi ya baridi huganda yakawa meupe. Jua likipanda, hulegea na kuwa maji tena. Wataalamu wametumia tabia iliyo karibu na hiyo ili kupeleka dawa mahali pamoja tu mwilini.

Iko dawa ya saratani iitwayo doksorubisini. Ina nguvu ya kuua chembe za ugonjwa, lakini ikitiwa katika mshipa huenea mwili mzima pamoja na damu, nayo haichagui: huweza kudhuru hata moyo. Kwa hiyo daktari hawezi kuongeza kipimo apendavyo, ingawa uvimbe ungali pale pale.

Katika miaka ya 1960 Mwingereza Alec Bangham alionyesha ya kuwa mafuta ya namna fulani, yakitiwa majini, hujifanya yenyewe vifuko vyenye utando mwembamba. Vifuko vya dawa ni vidogo mno. 10,000 vikipangwa mstari, urefu wake ni kama milimita 1. Mwaka 1978 Milton Yatvin na wenzake, huko Marekani, walieleza jinsi ya kuchagua mafuta ya utando ili uvujishe dawa penye joto lililozidi kidogo lile la mwili.

Mtu mwenye afya ana joto la digrii 37 hivi. Katika joto hilo utando hukaa umefungika. Ukikaribia digrii 41, sehemu moja hulegea na nyingine ingali ngumu. Mipakani mwake hutokea nyufa, na dawa hutoka upesi. Basi daktari hupasha moto uvimbe peke yake. Lakini mtu aweza kuuliza, Na mwenye homa kali je? Swali hilo ni la haki, maana malaria yaweza kumfikisha mgonjwa digrii 40. Nafasi ya kukosea ni ndogo.

Mwaka 2018 madaktari wa Oxford walieleza habari za wagonjwa 10 wenye uvimbe wa ini. Waliupasha moto kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, na dawa ndani yake ikaongezeka, kwa wastani, zaidi ya mara 3. Hata hivyo majaribio mawili makubwa, ambayo uvimbe ulichomwa kwa sindano ya moto, hayakufaulu. La kwanza, la wagonjwa 701, lilishindwa mwaka 2013. Wengine walidhani moto ulikaa muda mfupi mno, wakajaribu tena kwa dakika 45 au zaidi. Mwaka 2020 ilionekana kwamba waliopewa vifuko hawakuishi zaidi ya wenzao.