Kadi ya grafiki imekuwa kimeo: utengeneze au ununue nyingine?

Leo tuongee habari ya kompyuta kuleta mistari. Wiki hizi mbili kila nikiingia kafe, iwe Ngara mjini au Biharamulo, naulizwa swali lile lile: "Kaka, kioo kinaleta rangi rangi, nitengeneze au ninunue kadi nyingine?" Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naandika mara moja halafu kila mtu ajisomee.

Mimi sijasomea kompyuta chuo. Nimemaliza form four, nikaanza kumsaidia mjomba kwenye steshenari yake yenye mashine sita. Ninachojua nimekijua kwa kuharibu na kwa kusoma. Na hii ya kadi ya grafiki nimeijua kwa pesa ya mjomba, ndiyo maana inaniuma.

Ilikuwa hivi. Mashine namba tatu ndiyo mashine yetu ya heshima. Ina kadi ya grafiki ya peke yake, madogo wanaigombania kwa ajili ya gemu, na kuna kijana anayeshuti harusi huwa anakuja usiku kuunganisha video zake. Siku hiyo alikuwa amekaa dada mmoja anajaza fomu ya mkopo ya HESLB. Yupo ukurasa wa mwisho mwisho, kioo kikaanza kutoa vidoti vya kijani, kisha mistari ya kusimama, kisha giza tupu. Dada wa watu akaanza kulia. Alijua kila alichojaza kimepotea.

Hakikupotea, na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa hela. Kadi ya grafiki kazi yake ni kuchora picha unayoiona kwenye kioo, basi. Fomu yake ilikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti yake huko mtandaoni kila alipobonyeza kuendelea. Tukamhamishia namba tano, akaingia tena, akamalizia. Video za yule kijana wa harusi nazo zilikuwa salama kwenye hadi diski. Kwa hiyo fundi akikuambia "kadi imekufa, nipe hela nyingine niokoe data zako", mwambie atoe hadi diski aichomeke kwenye mashine nyingine mbele ya macho yako. Ni kazi ya dakika chache tu.

Haya, mjomba akapata fundi. Jina na mji naviacha. Akasema, "Mzee, hii kadi inapona, nipe elfu hamsini." Akaondoka nayo, kesho yake akairudisha, ikawaka safi kabisa. Mjomba akanitazama kama kusema umeona? Siku ya kumi na moja mistari ikarudi. Fundi akapigiwa simu akasema umeme wetu mbaya, alete tena, elfu thelathini.

Sasa nieleze alichofanya, maana wengi tunafanyiwa bila kujua. Aliipiga joto. Wengine wanatumia blowa, wengine wanaiweka kwenye oveni kabisa kama keki. Maelezo yao ni kwamba risasi iliyoshikilia chipu imepasuka, ukiiyeyusha inashika upya. Inaingia akilini. Tena ni kweli kwamba mwaka 2006 sheria za Ulaya zilianza kuzuia madini ya risasi kwenye vifaa vya umeme, viwanda vikahamia kwenye risasi isiyo na risasi (jina la ajabu, najua), ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi badala ya 183 za ile ya zamani.

Lakini mara nyingi mpasuko haupo hapo chini. Upo ndani ya chipu yenyewe, kwenye vinundu vidogo sana vinavyounganisha kipande cha silikoni na kitako chake. Chipu ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, kila siku, na vinundu vinachoka kama waya unaoukunja na kuukunjua. Ukiipiga joto, vinundu vinasogea kidogo vinagusana tena, kadi inafufuka. Ufa haujazibwa, umegusanishwa tu. Ndiyo maana inadumu siku, wiki, ukibahatika miezi.

Hili si la kubuni. Tarehe 2 Julai 2008 kampuni ya NVIDIA yenyewe ilitangaza kwamba inatenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu chipu zake za grafiki za kwenye laptop zilikuwa zinakufa kupita kiasi, ikataja vifaa dhaifu vilivyotumika kufungia chipu. Laptop za HP, Dell na Apple ziliguswa, na kesi ikafika mahakamani Marekani. Miaka saba baadaye, Februari 2015, Apple nao wakaanzisha mpango wa kurekebisha bure MacBook Pro za 2011 zenye tatizo la picha, na hizo zilikuwa na chipu za AMD. Walikuwa wanabadilisha bodi nzima. Fikiria mwenyewe: kampuni yenye hela zote zile ilibadilisha bodi, halafu wewe unaahidiwa kuponywa na blowa.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili: kama chipu yenyewe ndiyo mbovu, usilipie kutengeneza. Ila kabla ya kusema chipu mbovu, hakikisha. Nusu ya "kadi mbovu" nilizoletewa hazikuwa mbovu.

Anza na vya bure. Badilisha kebo, kisha jaribu kioo kingine. Halafu angalia mistari inaanza saa ngapi. Ikitokea tangu ile nembo ya mwanzo kabla Windows haijaamka, tatizo ni la chuma. Ikitokea baada ya Windows tu, shuku draiva, ifute uweke upya. Kuna mbinu nyingine naipenda: mistari ikiwa kwenye kioo, bonyeza Print Screen, hifadhi picha, itume kwenye simu. Kama kwenye simu picha ni safi, mara nyingi ubaya upo kwenye kebo au kioo, usiiguse kadi kwanza.

Kisha zima, chomoa umeme, fungua boksi. Wakazi wa huku hamhitaji kuambiwa habari ya vumbi jekundu. Kiangazi hitisinki ya kadi inajaa mpaka unadhani wameipiga plasta. Safisha kwa brashi laini, na feni ishikilie kwa kidole usiiache izunguke unapopuliza. Chomoa kadi, futa meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, rudisha mpaka isikike "ka". Kama feni haizunguki, badilisha feni. Kama ile pesti kati ya chipu na hitisinki imekauka kama udongo, weka mpya. (Pesti ya kompyuta, jamani. Nimefungua kadi moja nikakuta dawa ya meno. Inanukia vizuri lakini inakauka haraka.) Matengenezo ya namna hii, feni, pesti, vumbi, ndiyo matengenezo ya kweli. Lipia bila wasiwasi.

Angalia na pawa saplai. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilitumia umeme wa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, na mashine nyingi tulizonazo zilipigwa na umeme wa kupanda na kushuka. Pawa saplai ikichoka, kadi ndiyo inakuwa ya kwanza kulalamika, hasa gemu likianza. Azima pawa saplai ya mashine nzima ujaribu. Ukinunua kadi mpya ukaiweka kwenye pawa saplai mbovu, umenunua msiba mwingine.

Turudi kwa mjomba. Baada ya siku ya kumi na moja alikuwa tayari kupanda basi kwenda Mwanza kununua kadi. Safari yenyewe siku hizi nafuu kidogo, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, lakini bado ni nauli ya kwenda na kurudi, kula na kulala. Nikamwambia, "Mjomba, shikamoo, naomba unipe dakika tano." Nikachomoa kadi kabisa. Nikachomeka kebo ya kioo kwenye tundu la VGA la madabodi yenyewe. Nikawasha. Ikawaka.

Mjomba akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa ile elfu hamsini ilikuwa ya nini?"

Sikuwa na jibu. Prosesa nyingi za Intel Core za kuanzia 2011 zina grafiki humo humo ndani. Kwa Word, fomu za ajira, kuangalia matokeo ya NECTA na YouTube, kadi ya peke yake haihitajiki. Zipo ambazo hazina: Intel zenye herufi F mwishoni mwa namba, zilizoanza kuuzwa 2019, na Ryzen nyingi za kabla ya mfululizo wa 7000 ambazo hazina herufi G. Hizo bila kadi kioo kitabaki cheusi. Soma namba ya prosesa kwanza.

Namba tatu ikafanya kazi ya fomu msimu mzima bila kadi. Madogo wa gemu walinuna, lakini msimu wa maombi ndio unaolipa kodi ya chumba. Ulipoisha tukakaa na kalamu. Gemu na yule wa video walikuwa wanaingiza kama elfu kumi na tano kwa wiki. Kadi ya mtumba pamoja na gharama ya kuifuata ilikuja kama laki na nusu, yaani wiki kumi. Kwake ikalipa, akanunua. Kama kwako gemu linaingiza buku mbili kwa wiki, hailipi, acha.

Ukinunua, pima nafasi ya boksi, maana mashine nyembamba za ofisini zinataka kadi fupi. Chagua isiyohitaji waya wa umeme wa ziada. Sloti ya madabodi inatoa hadi wati 75, na kadi ndogo kama GT 1030 inatumia wati 30 tu. Bei ikiwa tamu mno, shuku. Baada ya Ethereum kuacha kuchimbwa kwa kadi, Septemba 2022, kadi zilizokuwa zinakimbia usiku na mchana zilimwagwa sokoni. Mbaya zaidi ni za kughushi: kadi ya zamani imebadilishwa jina ndani ijitambulishe kama mpya. Nenda na GPU-Z kwenye flashi, iendeshe hapo hapo dukani, kisha weka gemu zito nusu saa. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kwenye laptop ndiyo kichwa kinauma. Chipu imechomewa kwenye bodi, huwezi kuchomoa. Yule kijana wa harusi sasa laptop yake nayo inaleta mistari. Ameambiwa bodi ya kuagiza Dar ni laki mbili na themanini, na laptop kama hiyo ya mtumba inauzwa laki tatu na nusu. Mimi ningeuza hadi diski, RAM na chaja kama spea nikaongezea. Yeye ana harusi mbili mwezi huu na ameshakula advansi.

Kama kuna mdau Kabanga, Rulenge au hata Kahama anayemjua fundi mwenye mashine ya kubadilisha chipu kwa chipu mpya, siyo blowa, aandike bei na muda wa garantii hapo chini. Jamaa anasubiri.