Maji yakishachemka, makala inaishia wapi?

Katika nyumba nyingi za Goma na Bukavu, maji ya kunywa hupita kwanza juu ya mbabula. Ni desturi nzuri. Kipindupindu hakijatoka Kivu, na wakaaji wazee wa Goma hawajasahau mwaka 1994, kilipoua wakimbizi kwa maelfu. Lakini sufuria ikishaanza kutokota, wengine huiacha motoni hata nusu saa, wakiamini kwamba maji yanazidi kuwa moto. Hayazidi. Kinachoendelea ni makala kuisha.

Goma iko karibu mita 1.500 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa inakandamiza maji kidogo kuliko pwani, ndiyo sababu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama wanafunzi wanavyokariri. Kipimajoto kikifika hapo kinasimama. Ongeza makala, pepea mpaka mkono uchoke, nyuzi ni zile zile. Joto linaloingia sasa lina kazi nyingine: kuzitenganisha chembe za maji, ambazo zinashikana sana, ili ziruke kama mvuke. Wanafizikia wanaliita joto fiche, kwa kuwa kipimajoto hakilioni.

Aliyelipima kwanza ni Joseph Black, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow, huko Scotland, mwaka 1762. Vifaa vyake vilikuwa moto usiobadilika, chombo cha maji na saa. Maji yalichemka baada ya dakika 4 hivi, kisha yakachukua dakika kama 20 kukauka yote. Basi kukausha kulikula joto mara 5 ya kuchemsha. Vipimo vya leo vinasema ni karibu mara 6, kwa maji yanayoanza baridi kama yale ya Black. Si vibaya kwa mtu aliyehesabu dakika tu.

Leo kiasi hicho kinajulikana vizuri: kilo moja ya maji yanayochemka inahitaji kilojuli 2.257 ili igeuke mvuke wote. Kuipandisha kilo hiyo kutoka nyuzi 20 hadi 95 kunahitaji kama 314 tu. Sasa tuhesabu kwa makala. Kilo moja ya makala nzuri hutoa karibu kilojuli 29.000. Tuseme sehemu moja kati ya tano ndiyo inaingia kwenye sufuria, nyingine inapotelea hewani. Basi kila lita inayoruka kama mvuke imekula karibu gramu 400 za makala. Kwa mama anayenunua makala kwa kopo, hizo ni pesa za chakula. Na sehemu ya makala hiyo inatoka katika misitu ya Virunga.

Kituo cha Marekani cha kuzuia magonjwa, CDC, kinashauri maji yatokote kwa nguvu dakika 1, au dakika 3 kwa wanaoishi juu ya mita 2.000 hivi, kama kwenye milima ya Minembwe. Baada ya hapo, sufuria ishuke, ifunikwe, maji yapoe humo humo.

Shule yenye umeme inaweza kurudia kazi ya Black bila gharama kubwa. Birika la umeme la wati 1.500 linawekwa juu ya mizani, kifuniko kikiwa wazi lisijizime. Maji yakishatokota, wanafunzi wanahesabu sekunde mpaka mizani ipungue gramu 100. Zikiwa 150, wati mara sekunde zinatoa juli 225.000, yaani kilojuli 2.250 kwa kilo. Kwa kawaida jibu litazidi kidogo, maana birika nalo linapoteza joto pembeni. Na umeme ukiwa dhaifu, wati zilizoandikwa kwenye birika si za kuaminika. Afadhali kusoma mita.

Vitu vingine havidai joto jingi hivyo. Kilo ya alkoli safi inageuka mvuke kwa kilojuli 850 hivi, chini ya nusu ya maji. Ndiyo sababu pamba ya muuguzi inakauka upesi kwenye ngozi na kuacha baridi: joto hilo limechukuliwa mwilini.

Mvuke nao unarudisha deni lote. Ukigusa mkono na kugeuka maji tena, unaachilia pale pale zile kilojuli 2.257 kwa kila kilo, kisha maji yenyewe yanaunguza juu yake. Kwa hiyo kifuniko cha sufuria inayotokota kinafunguliwa kikielekezwa mbali na uso, na watoto wakiwa wamesogezwa nyuma.