Baraza la Chuo Kikuu na Maamuzi ya Kuunda, Kuunganisha na Kufuta

Vyuo vikuu vya umma vya Afrika Mashariki huongozwa na vyombo viwili ambavyo majukumu yake hukaribiana sana, na mtu asiyevitofautisha hawezi kuelewa kwa nini programu fulani ya masomo imeanzishwa, kwa nini kitivo fulani kimevunjwa, wala ni nani anayepaswa kuulizwa mambo yanapokwenda mrama. Chombo cha kwanza ni Seneti, ambayo wajumbe wake walio wengi ni wanataaluma wa chuo chenyewe, na kazi yake ni kusimamia taaluma, yaani mitaala, mitihani, utafiti na utoaji wa shahada. Chombo cha pili ni Baraza la Chuo, ambalo huchanganya wajumbe kutoka serikalini, kwenye taaluma mbalimbali na sekta binafsi pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi na wanafunzi, na ambalo ndilo lenye dhamana ya mwisho juu ya mali, fedha, ajira na muundo wa chuo. Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye nchini Kenya huitwa Naibu Chansela, ndiye mtendaji mkuu anayewajibika kwa Baraza huku akiiongoza Seneti, na kwa hiyo hoja nyingi hupita mikononi mwake mara mbili kabla ya kuwa uamuzi.

Safari ya programu mpya huanzia mbali na chumba cha mikutano cha Baraza. Idara huandika andiko la programu, yaani waraka unaoeleza mahitaji ya jamii, malengo, kozi zitakazofundishwa, sifa za kujiunga, walimu waliopo na vifaa vinavyohitajika. Andiko hilo hujadiliwa katika bodi ya kitivo au ya ndaki, yaani kitengo kikubwa kinachokusanya idara zinazokaribiana kitaaluma, hupitia kamati za Seneti, hufika Seneti yenyewe, na ndipo hupelekwa kwenye Baraza. Nchini Tanzania hatua hizo za ndani hufuatwa na ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ambayo hupima programu kwa viwango vya kitaifa: shahada ya kwanza, kwa mfano, haiwezi kuwa na krediti zilizo chini ya 360, na kila krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani, za maabara na za kujisomea. Nchini Kenya kazi kama hiyo hufanywa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012.

Msomaji anaweza kujiuliza Baraza lina nyongeza gani ikiwa Seneti imekwisha kupima taaluma na Tume itapima viwango. Nyongeza hiyo ni kubwa, nayo haihusu maudhui ya kozi. Mjumbe wa Baraza ambaye ni mhasibu, mhandisi au wakili hana mamlaka ya kitaaluma ya kuamua ni nadharia ipi ifundishwe mwaka wa pili wa isimu, na akijaribu kufanya hivyo anavuka mpaka. Lakini ana wajibu wa kuuliza ikama inasemaje, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa katika idara husika na ngapi kati ya hizo zimejazwa. Swali hilo lina uzito wa pekee katika vyuo vya umma vya Tanzania, kwa sababu Baraza linaweza kupitisha programu leo ilhali kibali cha kuajiri wahadhiri wa kuifundisha hutoka serikalini, kwa ratiba isiyo ya chuo. Pengo linapojitokeza, mzigo huwaangukia wahadhiri wachache waliopo au walimu wa muda, na wanafunzi waliodahiliwa kwa ahadi ya kusoma kozi za hiari hujikuta wakipewa zile tu zenye mwalimu. Baraza linaloridhika na kugonga muhuri juu ya kila kinachotoka Seneti haliheshimu taaluma, linaitelekeza.

Mamlaka ya Baraza yana mipaka, na historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaionyesha vizuri kuliko maelezo ya kisheria. Chuo hicho kilianza Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, kikashirikiana na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Na tarehe 1 Julai 1970, baada ya chuo hicho cha pamoja kuvunjwa, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Mageuzi hayo yalikuwa ya serikali na mabunge, si ya mabaraza. Vivyo hivyo, Kitivo cha Kilimo kilichokuwa Morogoro kilipogeuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984, ilibidi itungwe sheria ya Bunge. Na Muhimbili, iliyokuwa chuo kikuu kishiriki tangu 1991, ilipata hadhi kamili mwaka 2007 kwa njia ya Hati Idhini, yaani waraka wa kisheria unaotolewa na Rais chini ya Sheria ya mwaka 2005 na unaoeleza malengo, vyombo na mamlaka ya chuo. Hati Idhini ndiyo inayolipa Baraza nguvu ya kuunda idara, vitivo, ndaki na taasisi, na ndiyo inayolizuia kwenda zaidi ya hapo.

Ndani ya mipaka hiyo, mfano unaostahili kutazamwa kwa kina, na unaowagusa wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja, ni kuundwa kwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, mwaka 2009. Kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na vitengo viwili vya Kiswahili. Kimoja kilikuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ambayo chimbuko lake ni kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusimamia usanifishaji wa Kiswahili katika maeneo ya Afrika Mashariki yaliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza, na ambayo ilijiunga na chuo mwaka 1964. Kingine kilikuwa Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1970, ambayo kazi yake kuu ilikuwa kufundisha isimu na fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe, jambo ambalo wakati huo lilikuwa nadra mno katika elimu ya juu ya bara hili. TUKI ilitoa kamusi, istilahi na majarida. Idara ilitoa wahitimu. Mwaka 2009 vitengo hivyo viliunganishwa kuwa taasisi moja.

Hoja ya kuviunganisha ilikuwa na nguvu. Wataalamu wa lugha moja, katika kampasi moja, walikuwa wakigawanywa na mstari wa kiutawala usio na msingi wa kitaaluma, kwa maana mtafiti wa msamiati ana mengi ya kumpa mwanafunzi wa shahada, na mwalimu anayefundisha mofolojia kila mwaka hukutana na maswali yanayostahili utafiti. Kuunganisha kulifanya wataalamu wa pande zote mbili wawe hazina moja ya kusimamia tasnifu za uzamili na uzamivu, na kwa kipimo hicho uamuzi ulikuwa sahihi.

Hata hivyo, kazi ya kamusi na kazi ya darasa haziendi kwa saa moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 ilikuwa tunda la miaka mingi ya kukusanya, kupanga na kuhakiki msamiati, kazi isiyoonyesha matokeo mwisho wa muhula na isiyoweza kusimamishwa kila mitihani inapokaribia. Darasa, kwa upande wake, lina ratiba isiyosubiri: mhadhara wa Jumatatu lazima utolewe Jumatatu, na vitabu vya majibu lazima visahihishwe kabla ya matokeo kutangazwa. Vitengo vya namna hii vinapowekwa chini ya paa moja bila kanuni inayolinda muda wa utafiti, kilicho cha haraka hukimeza kilicho cha kudumu, na hilo hutokea bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kwa hiyo baraza lolote linalounganisha taasisi ya utafiti na idara ya ufundishaji halijamaliza kazi yake linapopitisha jina jipya na mchoro mpya wa uongozi. Linapaswa kuamua, katika kikao hichohicho, ni nafasi ngapi zitabaki za watafiti, bajeti ya miradi ya muda mrefu itatoka wapi, na upandishwaji vyeo utampimaje mtu aliyetumia miaka mitano kuandaa kamusi ilhali mwenzake ameandika makala kumi.

Kuhusu umbo la jumla la chuo, ushahidi wa karibu unafundisha kwamba hakuna muundo mmoja ulio bora kwa wakati wote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliachana hatua kwa hatua na mfumo wa vitivo na kujenga ndaki zinazoongozwa na rasi, huku shule kuu na taasisi zikiongozwa na viongozi wao. Chuo Kikuu cha Nairobi kilichukua njia iliyo kinyume: kwa miongo kadhaa kilikuwa na koleji sita, na mwaka 2021 Baraza lake likazifuta, likabakiza vitivo vinavyowajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kwa hoja ya kupunguza gharama na ngazi za urasimu. Dar es Salaam walijenga kile ambacho Nairobi walikibomoa, na kila upande ulidai ufanisi. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mmoja alikosea. Inamaanisha kwamba ngazi ya uongozi ina thamani pale tu inapofanya uamuzi ambao ngazi ya juu yake haiwezi kuufanya vizuri, na baraza lisilofanya hesabu hiyo litakuwa linahamisha samani tu.

Shinikizo la fedha ndilo linalopotosha maamuzi haya kuliko jingine lolote. Makerere, ilipofungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia na masomo ya jioni katika miaka ya 1990, ilipata mapato iliyoyahitaji mno, lakini msomi Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu mageuzi hayo, alionyesha jinsi vitivo vilivyoanza kushindania wanafunzi kwa kubuni programu zenye majina ya kuvutia soko, nyingine zikiwa nje ya utaalamu wa vitengo vilivyozianzisha. Hapo ndipo Baraza linapohitajika zaidi, kwa sababu idara inayonufaika na ada haiwezi kuwa hakimu wa haja ya programu yake yenyewe.

Shinikizo jingine ni la kisiasa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, chuo cha Dar es Salaam kilijadili kwa kina nafasi yake katika taifa la kijamaa, na mjadala huo ukazaa somo la maendeleo kwa wanafunzi wote, ambalo mwaka 1973 lilipata taasisi yake. Dola ilisukuma, lakini wanataaluma walibishana na kulipa somo lile sura yake. Hali ni tofauti pale dola inapoliingilia Baraza lenyewe, kama ilivyotokea Nairobi Januari 2020, Waziri wa Elimu alipobatilisha uteuzi wa Naibu Chansela na kulivunja Baraza, suala likafika mahakamani. Wajumbe wanaojua kwamba wanaweza kuondolewa asubuhi moja hawatakuwa na ujasiri wa kukataa jambo lolote.

Lililobaki ni la wanafunzi waliomo katikati ya masomo, na hao ndio husahaulika mara nyingi zaidi. Programu inapofutwa au idara inapounganishwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili alikwisha kuingia makubaliano na chuo kuhusu kozi, muda na jina la shahada yake, na haki yake haifutwi na azimio la kikao. Kila uamuzi wa kufuta au kuunganisha upitishwe pamoja na mpango wa maandishi wa kuwamaliza wanafunzi waliopo kwa mtaala walioanza nao, ukitaja walimu, tarehe na afisa anayewajibika, na utangazwe kwa Kiswahili kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa. Wazazi na waombaji nao wasiridhike na jina la chuo pekee. TCU huchapisha kila mwaka mwongozo wa udahili unaoorodhesha programu zilizoidhinishwa, na programu isiyomo humo haifai kulipiwa hata shilingi moja.