Redio Inaponyamaza Vitani, Uvumi Hutawala Nyumba

Mama mwenye watoto wanne, mtungi wa maji na kikapu cha makopa hawezi kuamua kama alale nyumbani au akimbilie porini asipojua adui yuko wapi. Akikimbia bure, shamba huliwa na nguruwe na watoto hulala na njaa. Akibaki pasipostahili kubaki, hupoteza zaidi ya shamba. Kwa mama huyo habari ya kweli ni riziki, sawa na unga na chumvi.

Jambo hili lilidhihirika katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia Palma karibu na mto Ruvuma, kupita Mocímboa da Praia, hadi vijiji vya wavuvi vya wilaya ya Macomia. Huko watu husema Kimwani, lugha iliyo jirani sana na Kiswahili, pamoja na Kimakonde, Kimakua na Kiswahili chenyewe. Kireno ni lugha ya ofisini na shuleni, na wengi hawakubahatika kukaa shuleni muda mrefu. Kwa sababu hiyo redio ndogo za jamii, zinazotangaza kwa lugha za nyumbani, zilikuwa ndizo gazeti, barua na mjumbe wa watu hao.

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia. Wenyeji waliwaita Al-Shabab, ingawa si kundi lile la Somalia. Mwanzoni wakuu wa serikali waliwataja kuwa ni wahalifu tu, na kadiri mashambulizi yalivyozidi ndivyo njia za habari zilivyozidi kubanwa. Waandishi waliokwenda kaskazini walizuiwa njiani, na wengine walikamatwa.

WALIOSHIKA KIPAZA SAUTI

Tarehe 5 Januari 2019 mwandishi Amade Abubacar wa redio ya jamii ya Nacedje, mjini Macomia, alikamatwa alipokuwa akiwahoji watu waliokimbia vijiji vyao. Aliwekwa katika kambi ya jeshi huko Mueda, mbali na wakili na jamaa zake, kisha akahamishiwa gerezani. Mwezi wa Februari alikamatwa pia mwenzake wa redio hiyo hiyo, Germano Adriano. Wote wawili waliachiliwa kwa masharti tarehe 23 Aprili 2019. Ni vema kukumbuka kwamba redio ya Nacedje ilikuwa chini ya taasisi ya serikali yenyewe. Waliotiwa nguvuni walikuwa watangazaji wa nyumbani, ambao majirani zao waliwajua kwa sauti.

Mwaka uliofuata lilitokea jambo zito zaidi. Tarehe 7 Aprili 2020 Ibraimo Mbaruco, mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma, alitoka kazini jioni asifike nyumbani. Ujumbe wake wa mwisho wa simu, aliompelekea mwenzake wa kazi, ulieleza kwamba alikuwa amezungukwa na askari. Jamaa zake waliuliza, vyama vya waandishi vikauliza, na miaka ikapita bila jibu la kuridhisha.

Hasara ya mambo hayo haikuishia kwa waandishi na jamaa zao. Mtangazaji mmoja akitoweka, wenzake wote hujifunza kunyamaza. Redio huendelea kupiga muziki na kutoa mawaidha ya afya, lakini ile habari ambayo mama anaingoja, kwamba njia fulani si salama leo, haisemwi tena.

UKIMYA UNAPOKARIBISHA MAADUI

Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa, na mawasiliano ya simu yakakatika. Wakati maelfu wakikimbilia porini, ufukweni na penye mitambo ya gesi ya Afungi, jamaa zao waliokuwa Pemba na kwingineko walikaa siku kadhaa wasijue nani yu hai. Waliotaka kujua walilazimika kungoja jahazi na kumwuliza kila aliyeshuka.

Pengo la habari halikai tupu. Uvumi huingia, na nyuma ya uvumi huingia adui. Kuanzia Juni 2019 kundi lijiitalo Dola la Kiislamu lilianza kutangaza duniani kwamba mashambulizi ya Cabo Delgado ni yake. Tarehe 23 Machi 2020 wavamizi walipoingia Mocímboa da Praia, walipandisha bendera yao na kujipiga picha. Hivyo mwandishi wa nchi alizuiwa kusimulia yaliyowapata watu wake, na muuaji akasimulia atakavyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Haipasi kukana kwamba vita vina siri zake. Hakuna jeshi linalotangaza askari wake wako wangapi, watapita njia ipi au wataondoka saa ngapi, na mwandishi mwenye busara hataki kuyaandika hayo. Lakini kijiji kilichoungua si siri, kwa maana walioungulizwa wanakijua na aliyekiunguza anakijua. Anayefichwa ni jirani wa kijiji cha pili, ambaye angeweza kujiokoa. Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1991 zinatambua haki ya raia kupata habari.

Macomia, mahali alipokamatwa Abubacar, ndiyo wilaya iliyomo Chai, ambako FRELIMO ilianzisha vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964. Katika miaka ile Wareno walidhibiti kila gazeti na kila redio nchini, na wananchi waliitega kwa siri sauti ya FRELIMO iliyotangazwa kutoka Redio Tanzania, Dar es Salaam. Udhibiti wa mkoloni haukuizuia kweli isivuke Ruvuma. Fundisho hilo liliwafaa sana walioshika madaraka baadaye.

Wala mto haukuwa ukuta kwa vita. Oktoba 2020 wavamizi walivuka na kukishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Kufikia mwisho wa mwaka 2022, hesabu za Umoja wa Mataifa zilionyesha kwamba waliohama makwao Cabo Delgado walizidi milioni moja.

WAJIBU WA KILA NYUMBA

Pale ambapo habari ni haba, familia ina wajibu wa kuipima kama mama apimavyo dawa ya mtoto. Kila neno la hatari liulizwe mambo matatu: nani aliyeona kwa macho yake, ni lini, na ni mahali gani. Asiyeweza kujibu hayo anabeba uvumi, hata kama ni mtu mwema. Sauti na picha zinazozunguka katika simu zisipelekwe mbele kabla ya kujulikana zilikotoka, kwani picha ya mwaka jana inaweza kuhamisha kijiji kizima leo.

Redio ndogo na betri zake ziwekwe pamoja na vyeti vya watoto, mahali panapojulikana na wote. Familia ikubaliane mapema mahali pa kukutana iwapo simu zitakatika. Na mtangazaji wa kijijini asiachwe peke yake: majirani wajue saa anayotoka kazini na njia anayopita, ili asipofika aulizwe usiku huo huo.

Uangalifu huo husaidia, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya redio inayosema kweli. Kule Palma iko familia iliyozoea kumsikia mtoto wao hewani, naye hakurudi. Kabla ya jambo lolote lingine, familia hiyo inadai habari moja tu: yuko wapi.