SARAFU KUBWA SI LAZIMA IWE NA THAMANI KUBWA

Siku moja nilimtembelea mama mmoja anayelima mchicha Mbagala, wilaya ya Temeke. Alinionyesha kopo zito.

"Bwana shamba," alisema, "hii ni akiba ya marehemu mume wangu. Aliiweka miaka ya 1970."

Kopo lilijaa sarafu za zamani. Mjukuu wake alikuwa karibu. Nilimwambia achague yenye thamani kuliko nyingine. Alichagua senti 20, kwa sababu aliiona kubwa. Alikosea. Senti 50 ni ndogo kuliko senti 20, lakini thamani yake inazidi mara mbili.

Sarafu hizo zilianza kutolewa mwaka 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi. Upande mmoja una picha ya Mwalimu Julius Nyerere. Upande wa pili ni hivi:

Senti 5: picha ya samaki. Ina pembe 12. Ni ya shaba iliyochanganywa na bati kidogo. Senti 5 ishirini zilifanya shilingi 1.

Senti 20: picha ya mbuni. Ni ya rangi ya njano. Tano zilifanya shilingi 1.

Senti 50: picha ya sungura. Ni nyeupe, ya shaba na nikeli. Upana wake ni milimita 21. Mbili zilifanya shilingi 1.

Shilingi 1: picha ya mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru.

Baadaye bei za vitu zilipanda na thamani ya shilingi ikashuka. Shaba nayo ni ghali. Tangu mwaka 1987 shilingi 1 ilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa nikeli. Ukiisogezea sumaku, inavutwa.

Hata neno "hela" linatokana na sarafu. Wakati wa Wajerumani, tangu mwaka 1904, Heller 100 zilifanya rupia 1. Sarafu hizo zimekwisha, jina limebaki.

Tulihesabu sarafu za yule mama. Senti 50 zilikuwa 200. Jumla yake ni shilingi 100.

Mama alinyamaza. Kisha akasema, "Wakati ule zilitosha kununua majembe."

Leo shilingi 100 ni sarafu moja tu. Na senti zile dukani hazipokelewi tena. Uzito umebaki, thamani imekwenda.

Ndugu msomaji, shika mambo mawili. La kwanza, usiamini ukubwa wala rangi ya sarafu. Soma namba iliyoandikwa. Leo tunatumia sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500. Hesabu chenji yako kabla ya kuondoka dukani.

La pili, usifukie fedha ndani ya kopo kwa miaka mingi. Nunua mbegu, nunua kuku, au weka akiba benki. Fedha ikikaa bure, thamani yake hupungua.

Yule mama sasa ameanza kufuga kuku. Kopo amemwachia mjukuu ajifunzie kusoma namba.